Kuifanya Raspberry Pi isome Kiswahili kwa sauti

Raspberry Pi ni kompyuta ndogo. Somo hili ni kwa ajili ya vijana wetu wasioona hapa Wete, na wazee ambao macho yamechoka lakini barua zao wanataka kuzijua wenyewe, bila ya kusomewa na mtu. Intaneti utaihitaji wakati wa kupakua programu tu.

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uweke espeak-ng, programu inayosoma maandishi kwa sauti. Andika:

sudo apt update
sudo apt install espeak-ng

Ikimaliza, chomeka spika, ujaribu:

espeak-ng -v sw -s 130 "Ng'ombe wa jirani karudi zizini"

Hiyo -v sw ndiyo inayochagua Kiswahili. Ukiisahau, maneno yetu yatasomwa kwa matamshi ya Kiingereza na hutaambulia kitu. Sentensi uifunge kwa alama za mtajo mbilimbili. Sisi tuna ng' kila mahali, na ukifungia kwa alama moja, kompyuta itadhani umeishia hapo kwenye Ng, itakutolea > na kukaa ikisubiri. Bonyeza Ctrl na C, uanze upya.

Namba baada ya -s ni kasi, maneno kwa dakika. Usipoiweka, inasoma kwa 175. Mzee anayeanza, 130 inamtosha. Kijana aliyezoea kusoma kwa masikio atakuomba uipandishe, tena sana. Tafadhalini, kasi aichague anayesikiliza, si wewe unayeweka programu.

Barua ndefu ihifadhi kwa jina la barua.txt. Vifupisho viandike kwa urefu, "na kadhalika" badala ya "n.k.", kisha:

espeak-ng -v sw -s 130 -f barua.txt -w barua.wav

Faili la sauti litakalotoka unaweza kumtumia mtu kwenye simu yake.

Maswali

Mwanachama wa Mkoani: Mwalimu, yangu ni Pi 5, sioni tundu la hedifoni.
Jibu: Pi 5 haina, na Pi Zero pia. Tumia spika ya USB, au sauti ipitie HDMI kwenye televisheni.

Mwanachama wa Chake Chake: Shikamoo mwalimu. Bibi anasema hiyo ni sauti ya bati, haitaki.
Jibu: Marahaba mwanangu. Bibi ana haki. Mjaribishie Piper, programu nyingine ya kusoma kwa sauti, sauti yake ni laini zaidi na ikishawekwa haidai intaneti. Ila Kiswahili chake ni cha Kongo, lafudhi si ya kwetu. Mpe asikilize, aamue mwenyewe.

Mwanachama wa Micheweni: Na umeme ukikatika ghafla?
Jibu: Memori kadi inaweza kuharibika. Ukiona umeme unachezacheza, andika sudo poweroff, usubiri taa ya kijani iache kumetameta, ndipo uchomoe.