Kiti cha ngazi: reli mbili nyoofu badala ya moja ya kupinda

Mezoneti yetu Lang'ata ina ngazi zinazokata kona, na bei ya kiti cha mama, kile cha umeme kinachompandisha mtu ngazi kwenye reli, ilinitoa jasho kwa kuwa reli ilibidi ipinde. Omba bei ya viti viwili vya reli nyoofu: kimoja chini ya kona, kingine juu yake, naye anahama pale katikati. Reli nyoofu hukatwa kwa urefu wa ngazi zako, hata ya mtumba hufaa. Ya kupinda hutengenezewa nyumba moja tu, ndiyo maana ni ghali hivyo. Hila hii haifai kama mzee hawezi kusimama na kugeuka, au kwenye kona kuna vidato badala ya sakafu. Kama ana kadi ya ulemavu, ulizia msamaha wa ushuru kabla hujaagiza.