Somo: Nzi wa maembe wakati mavuno yanakaribia

Kila msimu naulizwa ni dawa gani ipigwe ili maembe yasitoe funza. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrejesha hapa.

Kwanza, tundika kivulini mitego yenye methili eujenoli, yaani kemikali ambayo harufu yake huwavuta nzi. Inakamata madume tu.

Pili, nyunyiza chambo cha protini kwenye majani, si kwenye matunda; hicho huwavuta na majike.

Tatu, okota maembe yaliyoanguka, yote, kila siku. Hatua hii ndiyo inayodharauliwa, na ndiyo inayowaangusha wengi. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani. Funza hula nyama ya embe, kisha hutoka na kujichimbia sentimita chache udongoni, ambako hujifunga wakawa kama punje za mchele za rangi ya hudhurungi, mpaka watoke nzi wapya. Embe lililolala chini siku mbili tatu huenda likaokotwa wakati funza wameshaingia ardhini. Chimba shimo refu, uyafukie maembe siku ile ile, na juu yake ushindilie udongo usiopungua sentimita 50. Usiyarundike pembeni mwa shamba. Usiyatie kwenye samadi. Shimo fupi ni sawa na kutofukia.

Nne, vuna yakiwa yamekomaa lakini bado magumu, na uache kikonyo, kwani utomvu huunguza ganda.

Maswali

*Nitajie dawa ya kupiga leo, keshokutwa navuna.*
Hakuna. Lebo ya dawa imeandikwa siku za kusubiri, zisome. Maembe hayo yataliwa na watoto.

*Mitego nimeweka na funza wamo. Somo hili halifai.*
Nimeandika kwamba mtego hukamata madume. Hukusema kama uliokota ya chini.

*Mwalimu, sisi Pemba mafuta ya makonyo ya karafuu tunayo. Hayafai kutegea?*
Umeuliza jambo la maana. Mafuta ya makonyo, kama ya karafuu yenyewe, kwa sehemu kubwa ni eujenoli, ambayo ina nasaba na methili eujenoli lakini haiwavuti madume kwa nguvu ile. Ukipenda kuhakikisha, tundika mitego miwili katika miti iliyoachana, kila mmoja na mafuta yake, uhesabu nzi baada ya wiki, kisha utuletee jawabu.

*Mwembe wangu umejaa majimoto, wale chungu wekundu wa mitini. Niwachome?*
Usiwaguse, ndugu yangu. Majimoto huwasumbua nzi wasitage, na faida yao kwa minazi dhidi ya kunguni wa nazi ilichunguzwa hapa hapa Zanzibar katika miaka ya 1950. Ubaya wao ni kuuma wakati wa kuvuna. Apandaye mtini ajipake majivu makavu mikononi na miguuni.

*Majivu ya kuni au ya makumbi?*
Yoyote, mradi yawe makavu na yamechekechwa.