Saladi ya mayai na parachichi kwa mchana usio na ugali

Nashona nguo Mwanga, hapa Kigoma mjini, na saa saba mchana ndipo nasimamisha cherehani nile. Kwa miaka mingi chakula hicho kilikuwa ugali wa muhogo kwa samaki aina ya mgebuka, au wali maharage wa mama ntilie wa jirani. Mwaka jana nilipima sukari nikaikuta imepanda. Haikuwa imefikia ya kuanzishiwa dawa, lakini daktari aliniambia, "Mama, anza na sahani. Punguza wanga." Niliporudi nyumbani niliutazama mfuko wa unga wa muhogo kwa jicho jingine. Katika gramu 100 za unga ule, zaidi ya 80 ni wanga.

Mwanzoni niliondoa ugali bila kuweka kitu mahali pake. Nikawa nakula kachumbari na kipande kidogo cha samaki, na ikifika saa tisa mikono inatetemeka, tundu la sindano silioni. Huwezi kukunja pindo la gauni la harusi ukiwa katika hali hiyo. Nilichokuwa nakosa ni mafuta na protini ya kutosha, vitu vinavyokaa tumboni. Mayai mawili ya kuku yana protini gramu 12 hivi, na wanga wake ni kama gramu 1 tu. Parachichi lina mafuta mengi, na sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi, ambazo hazigeuki kuwa sukari mwilini. Nikaviunganisha.

Tangu hapo nakula saladi hii siku tatu au nne kwa wiki. Wateja wanaoonja kwenye kopo langu huenda kujaribu kwao, kisha wanarudi na malalamiko yale yale: imekuwa maji, imenuka, imekuwa nyeusi. Kila moja lina sababu yake, na ukizijua sababu hizo umeshajua kuitengeneza.

Kwa watu wawili nachukua mayai manne ya kisasa, au sita kama ni ya kienyeji kwa kuwa ni madogo; parachichi moja la wastani lililoiva; nusu ya kitunguu maji kidogo; nusu ya tango; ndimu moja; robo kijiko cha chai cha chumvi; pilipili manga; na kishada kidogo cha majani ya giligilani. Mayonezi sitii. Parachichi ndilo linaloshika kazi ya mayonezi, linayashikanisha mayai na kuyalainisha.

Saladi kuwa maji kunaanzia sokoni. Maparachichi ninayonunua hushuka kutoka Manyovu, huko milimani upande wa Burundi, na kuna aina zake. Lipo lile kubwa la kijani, ngozi laini, nyama yake tamu lakini ina maji mengi. Ukiliponda linateleza kama uji, na chumvi ikiingia linazidi kulegea. Hilo ni zuri kwa juisi. Kwa saladi tafuta lenye nyama nzito ya njano, ambayo ukiikata kisu kinatoka na mafuta. Hass, lile dogo lenye ngozi ya vinundu-vinundu linalogeuka jeusi likiiva, linafaa sana, lakini hata ya kienyeji yapo yenye nyama nzito. Bibi ninayenunua kwake anayajua kwa mti. Nikimwamkia shikamoo, kabla hata ya bei ananiuliza, "La kula leo au la kesho, mwanangu?" Mjibu ukweli muuzaji akikuuliza hivyo. Ukisema leo wakati unataka kula keshokutwa, utafungua parachichi lenye nyuzi nyeusi ndani.

Kama hakuna wa kukuchagulia, usilibonyeze tumboni, unamharibia muuzaji mali. Bonyeza taratibu karibu na kikonyo. Likikubali kidogo limeiva. Kisha king'oe kile kikonyo. Ukikuta kijani chini yake, chukua. Ukikuta kahawia iliyokolea, ndani limeshapita. Mengi ya kienyeji yakiiva ukiyatikisa unasikia kokwa inacheza. Yaliyo mabichi nayafunga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu moja, siku mbili au tatu yanakuwa tayari, kwa sababu ndizi inayoiva hutoa gesi inayoivisha matunda yaliyo karibu nayo.

Tango nalo lina maji. Likate katikati kwa urefu, toa mbegu kwa kijiko, ndipo ulikate vipande vidogo. Nusu ya maji niliyokuwa nayaona chini ya kopo yalikuwa ya mbegu za tango.

Sasa harufu. Harufu ile ni ya yai lililochemshwa kupita kiasi. Ukilikata unaona duara la kijani-kijivu kuzunguka kiini: salfa ya kwenye ute imekutana na chuma cha kwenye kiini kwa sababu ya moto wa muda mrefu. Halina sumu, ila linanuka, na kiini kinakuwa kikavu kama chokaa. Nyumbani tulizoea kutupia mayai kwenye sufuria na kuyasahau hadi maji yakauke nusu. Kwa saladi hii, hesabu dakika.

Chemsha maji kwanza. Yakishatokota vizuri, teremsha mayai moja moja kwa upawa ili yasipasuke, funika, na anza kuhesabu kwenye simu. Hapa Kigoma tupo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanatokota kwenye nyuzi 97 hivi, hayafiki 100. Kwa yai la kisasa ambalo halikutoka kwenye friji natumia dakika 11, la kienyeji dakika 9 au 10. Kiini kinatoka kimeshikana chote na bado kina rangi yake. Ndugu zangu wa Tabora, walio juu zaidi, waongeze kama dakika moja. Kwa jiko la mkaa hakikisha moto umekolea kabla ya kuweka mayai, maana maji yakipoa katikati hesabu yako yote imepotea.

Muda ukitimia, mwaga maji ya moto na tia mayai kwenye maji ya baridi. Mimi natumia ya mtungi. Yakipata joto, yabadilishe. Yaache dakika kumi. Usipoyapoza, yanaendelea kuiva ndani ya ganda na lile duara linarudi.

Na yai la kutagwa jana usilitumie. Lina kila uzuri wa kukaangwa, lakini la kuchemsha linang'ang'ania ganda, ukilimenya linatoka limebanduka-banduka kama ukuta wa udongo baada ya mvua. Yai likikaa wiki moja, hewa ya kabonidayoksaidi iliyomo kwenye ute hutoka taratibu kupitia vitundu vya ganda, na ute unaacha kuganda kwenye ule utando wa ndani. Kwa hiyo nanunua trei, ya kukaanga natumia kwanza, ya saladi natumia baadaye. Anza kumenya upande mnene, pale penye nafasi ya hewa, na ulimenyee ndani ya bakuli la maji ili vipande vya ganda vijitenge vyenyewe. Kabla ya kuchemsha, tumbukiza kila yai kwenye maji baridi: linalolala ni jipya, linalosimama ni la siku nyingi lakini linafaa, linaloelea lote tupa. Mwaka jana nilinunua trei kwenye duka moja nikaruka hatua hii. Yai moja lilikuwa limeoza, na nililijua nilipolipasua juu ya mengine matatu yaliyokwisha kumenywa.

Kuchanganya hakuna mambo mengi. Kitunguu kikate kidogo sana, kioshe kwa chumvi, kikamue, kitapoteza ukali. Yakate mayai vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Parachichi ligawe mara mbili: nusu liponde kwa uma pamoja na maji ya nusu ndimu na chumvi, hilo ndilo rojo, nusu ya pili ikate vipande ili ukila uone parachichi, usile rojo tupu. Tia mayai, kitunguu, tango, giligilani na pilipili manga kwenye rojo, geuza kwa kijiko mara saba au nane, basi. Ukikoroga sana viini vinavunjika na unapata kitu kinachofanana na chakula cha mtoto. Vipande vya parachichi viingie mwisho kabisa. Onja, ongeza ndimu. Mafuta ya mawese, ambayo sisi wa Kigoma tunayatia karibu kila kitu, hapa yaache, yana ladha nzito inayofunika yai na parachichi vyote viwili.

Weusi unatokana na hewa. Parachichi likishakatwa, hewa inagusa nyama yake na kuigeuza kahawia, kama inavyofanya kwa ndizi au tofaa. Ndimu inachelewesha jambo hilo, haiwezi kulizuia siku nzima. Mara yangu ya kwanza nilichanganya kila kitu saa kumi na mbili asubuhi, nikaweka kopo chini ya meza ya kukatia nguo. Saa saba nilipofungua, juu palikuwa na rangi ya tope, na kwa joto la mjini kwetu harufu yake ilinitisha. Nilimwaga yote, mayai manne mazima. Sasa nabeba mayai yakiwa kwenye maganda yake, parachichi zima, ndimu, na kopo dogo lenye kitunguu na tango. Nina bakuli, uma na kisu kidogo dukani, na kuchanganya kunanichukua dakika tano mteja akiwa anajipima nguo. Ikishachanganywa, iliwe ndani ya saa mbili; siku ya joto kali, ndani ya saa moja. Yai ni chakula ambacho vijidudu vinakipenda.

Kwa hesabu yangu, ukitoa nyuzinyuzi, sahani ya mtu mmoja haifiki gramu 8 za wanga. Kipande kimoja tu cha mkate mweupe kina 12 hadi 15, kwa hiyo ukiipaka kwenye mkate umeirudisha pale ulipoitoa. Mimi naiweka kwenye jani la kabichi. Chagua majani ya ndani yaliyojipinda kama bakuli, yatumbukize kwenye maji yanayotokota kwa kuhesabu hadi ishirini, kisha kwenye maji baridi. Yanalainika bila kulegea, unakunja na kula kwa mkono.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Kama unatumia dawa za kushusha sukari, hasa insulini, usiondoe ugali ghafla kwa sababu umesoma maneno yangu. Dawa ile imepimwa kwa chakula unachokula sasa, na wanga ukipungua ghafla sukari inaweza kushuka hadi uanguke. Nenda kliniki, waambie unachotaka kufanya, wakupangie dawa upya. Na mwenye tatizo la figo aulize kwanza kuhusu parachichi, maana lina potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hazimudu kuitoa.

Mwisho kuna nyongeza yetu wenyewe, ambayo ndiyo iliyonifanya nisitamani tena ugali wa mchana. Nachukua dagaa wakavu kiganja kimoja kutoka Kibirizi, wale waliokaushwa kwenye chanja, maana waliokaushwa chini wana mchanga na jino litakuambia. Natoa vichwa, nawakaanga kwenye kikaango kikavu, bila mafuta wala unga, kwa moto mdogo hadi wavunjike kwa vidole. Nawanyunyizia juu ya saladi wakati wa kula, wasije wakalainika, na chumvi naipunguza nusu kwa kuwa dagaa wana ya kwao. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawapati kitu, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa usiku wa mbalamwezi, na sokoni wanaadimika. Siku hizo naponda kijiko kimoja cha karanga za kukaanga badala yake.