Kutoka butiloda hadi FreeRTOS kwenye STM32: namna ya kuikabidhi chipu ikiwa safi

Boksi langu la kwanza la kuendesha pampu ya sola nililifunga Hombolo, Dodoma, kwenye shamba la zabibu la mzee mmoja, mwezi wa Oktoba, udongo umekauka hadi umepasuka. Ndani kuna bodi ya STM32F103C8T6, ile ndogo ya bluu ambayo mafundi wengi tunaanzia, na FreeRTOS inayogawa muda kati ya kazi nne: kupima maji ya tangi, kuwasha na kuzima pampu, kufungua vali za umwagiliaji wa matone, na kupokea amri. Kila nilipotaka kubadilisha programu ilinibidi nipande ngazi, nifungue skrubu, nichomeke ST-Link (kifaa cha kupakia programu) huku upepo unamwaga vumbi juu ya bodi. Chipu hii ina butiloda yake ya kiwandani, yaani programu ndogo inayoanza kwanza na kupakia programu kuu, lakini kwa kawaida kuiita kunataka uhamishe jampa ya BOOT0, na jampa imo humo humo ndani ya boksi. Nikaamua kuandika butiloda yangu mwenyewe, programu mpya ipite kwenye waya wa RS-485 unaoshuka hadi kibandani.

Kupokea baiti na kuzichoma kwenye flashi, kumbukumbu ya kudumu ya chipu, hakukunisumbua. Kilichonila siku nne ni hatua ya mwisho, ile ya kutoka kwenye butiloda na kuiachia FreeRTOS chipu. FreeRTOS, ambayo tangu 2017 iko chini ya Amazon na leseni yake ni ya MIT, imeandikwa ikiamini kwamba chipu imetoka kuwashwa sasa hivi. Ukiikabidhi chipu yenye mabaki ya kazi nyingine, haikuambii kitu. Inasimama tu.

Gawa flashi kwanza

Una KB 64 za flashi kuanzia 0x08000000, zinazofutwa kwa kurasa za KB 1. Mimi nimezigawa hivi: KB 16 za mwanzo ni za butiloda. KB 47 zinazofuata ni za programu, kuanzia 0x08004000. Ukurasa mmoja wa mwisho, 0x0800FC00, ni wa muhuri, na muhuri wenyewe ni urefu wa programu, CRC yake (namba ya kukagua kama baiti zimefika salama), na neno moja la kuthibitisha.

Butiloda ikianza kupokea programu mpya, inafuta ukurasa wa muhuri kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Inauandika upya pale tu baiti ya mwisho imeingia na CRC imekubali. Umeme ukikatika katikati, muhuri haupo, na butiloda haithubutu kuruka. Inakaa inasubiri utume tena. Nakala ya zamani ya kurudia haipo kwa sababu flashi haitoshi, kwa hiyo pampu itasimama kwa muda huo, lakini boksi litabaki hai na halitahitaji ngazi.

Upande wa programu

Kwenye faili la linka la programu, linaloamua programu ikae anwani gani, badilisha mstari mmoja:

```
FLASH (rx) : ORIGIN = 0x08004000, LENGTH = 47K
```

Jenga, geuza kuwa faili la .bin, halafu lisome kwa macho yako kabla ya kulituma popote. Baiti nane za mwanzo za faili langu ni hizi:

```
00 50 00 20  d1 4a 00 08
```

Zisome kinyumenyume kwa mafungu ya baiti nne. Neno la kwanza ni 0x20005000, kilele cha staki, yaani mwisho kamili wa RAM ya KB 20. Neno la pili ni 0x08004AD1, mahali programu inapoanzia. Namba hiyo lazima iwe witiri, maana Cortex-M3 inatumia biti ya mwisho kujua kwamba maagizo ni ya Thumb. Ukikuta neno la pili linaanzia 0x0800 na kufuatiwa na namba ndogo kuliko 4000, linka haikukusikia. Usiendelee.

Sasa jedwali la vekta, orodha ya anwani ambazo chipu inakwenda kila intarapti (wito wa kukatiza kazi) inapotokea. Rejista ya VTOR, iliyoko 0xE000ED08, ndiyo inayoiambia chipu jedwali liko wapi. Butiloda yangu iliipanga vizuri kuwa 0x08004000 kabla ya kuruka, nami nikadhani nimemaliza. Programu ilianza, taa ya PC13 ikawaka kama nilivyoandika kwenye main, kisha vTaskStartScheduler, inayoanzisha skejula ya FreeRTOS (mgawa muda wa kazi), ikaitwa na kila kitu kikanyamaza. Nilishinda na tatizo hilo kutwa nzima, karakana ya Nkuhungu inachemka kwa bati. Jioni nikafungua GDB, programu ya kuchungulia ndani ya chipu, na kuuliza:

```
(gdb) x/wx 0xE000ED08
0xe000ed08:  0x08000000
```

Kumbe kuna mkono mwingine. Faili la system_stm32f1xx.c lina SystemInit, inayoitwa kabla ya main ya programu, na katika matoleo mengi kazi yake mojawapo ni kuirudisha VTOR mwanzo wa flashi. Ilikuwa inafuta nilichoandika kwenye butiloda, kila mara, kimya kimya. Ndani ya faili hilo tafuta VECT_TAB_OFFSET, uifanye 0x4000U. Kwenye matoleo mapya ni lazima pia uiondolee alama ya maoni USER_VECT_TAB_ADDRESS, la sivyo namba uliyoandika haitumiki.

Kwa nini ilikufa pale pale kwenye skejula? Fungua port.c ya ARM_CM3 uangalie jinsi kazi ya kwanza inavyoanzishwa:

```
ldr r0, =0xE000ED08
ldr r0, [r0]
ldr r0, [r0]
msr msp, r0
cpsie i
cpsie f
dsb
isb
svc 0
```

Mistari minne ya mwanzo inakwenda kwenye VTOR, inachukua anwani ya jedwali, inachukua neno lake la kwanza, na kulifanya kuwa staki. Kisha svc 0 inaomba kazi ya kwanza ianze, na mpokeaji wa SVC anatafutwa kwenye jedwali hilo hilo. Kwangu jedwali lilikuwa la butiloda, na SVC_Handler ya butiloda ilikuwa tupu. Ikarudi bila kuanzisha kazi yoyote, chipu ikaendelea kusoma baiti ambazo si maagizo, ikaishia HardFault (hitilafu nzito inayoikwamisha chipu). Ukitumia HAL (maktaba ya ST ya kuendesha chipu) na taima kama TIM4 kwa ajili ya saa yake, utakufa mapema zaidi, mara tu baada ya HAL_Init: intarapti ya TIM4 itaangukia Default_Handler ya butiloda, ambayo ni kitanzi kisicho na mwisho. Kwa hiyo mahali ilipokufa panakuambia mengi. Soma VTOR kabla ya kushuku kitu kingine.

Hakikisha pia kwamba FreeRTOSConfig.h ina majina haya matatu, ili jedwali la programu liwe na wapokeaji halisi:

```c
#define vPortSVCHandler     SVC_Handler
#define xPortPendSVHandler  PendSV_Handler
#define xPortSysTickHandler SysTick_Handler
```

Kuruka

Hapa kuna njia mbili. Nilianza na mbaya.

Toleo langu la kwanza lilikuwa linapokea programu kupitia intarapti ya UART (mlango wa mawasiliano wa chipu), na amri ya "anza" ilipofika, niliruka hapo hapo, ndani ya intarapti. Mezani nilijaribu kwa kuzima na kuwasha bodi, ikafanya kazi, kwa sababu njia hiyo ilikuwa inaruka kutoka main. Nikaenda Hombolo, nikatuma programu, butiloda ikajibu SAWA, nikafunga laptopu na kuwahi daladala ya mwisho. Asubuhi simu ikaita.

"Mwanangu, pampu imelala. Tangi limekauka, na zabibu zinakunja majani."

"Shikamoo mzee. Naja."

Ukiruka kutoka ndani ya intarapti, chipu bado inaamini iko kwenye intarapti hata kama maagizo yamebadilika. FreeRTOS ikitoa svc, SVC haiwezi kumkatiza aliye na kipaumbele sawa au cha juu zaidi, na chipu inageuza jambo hilo kuwa HardFault. Mzee hakunilaumu, lakini mizabibu ilikosa maji usiku na nusu siku nzima kwa sababu sikujaribu njia ile ile ambayo ningeitumia shambani.

Njia ninayoitumia tangu siku hiyo: butiloda hairuki kamwe baada ya kufanya kazi. Ikimaliza kupokea, inaita NVIC_SystemReset. Chipu inaanza upya, na mistari ya kwanza ya main, kabla ya HAL_Init, kabla ya kuwasha saa au UART, inaamua:

```c
int main(void)
{
    if (!ombi_la_kupakia() && muhuri_sawa())
        ruka(0x08004000UL);

    HAL_Init(); /* tunabaki kwenye butiloda */
```

Na kuruka kwenyewe ni kufupi:

```c
static void ruka(uint32_t mahali)
{
    uint32_t sp = ((volatile uint32_t *)mahali)[0];
    uint32_t pc = ((volatile uint32_t *)mahali)[1];

    SCB->VTOR = mahali;
    __DSB();
    __ISB();
    __asm volatile ("msr msp, %0\n\tbx %1"
                    : : "r"(sp), "r"(pc));
    __builtin_unreachable();
}
```

Nimeweka msr na bx kwenye agizo moja la asembli makusudi. Ukibadilisha staki kwa mstari mmoja wa C na kuita anwani kwa mstari unaofuata, kompaila inaweza kuwa imeihifadhi pc kwenye staki ile uliyoitupa sasa hivi.

Ombi la kupakia linakaa kwenye rejista ya BKP_DR1, ambayo haifutwi na kureseti. Programu ikipokea amri ya "pakia", inaandika 0xB007 humo na kujireseti. Butiloda inaikuta, inaifuta, inabaki macho. Kumbuka kuwasha saa za PWR na BKP na kuweka biti ya DBP, inayofungua ruhusa ya kuandika humo, kabla ya kuandika, bila hivyo maandishi hayaingii na hakuna kosa litakaloonekana.

Kama mradi wako unakulazimisha kuruka ukiwa umeshawasha vitu, basi safisha kwa mpangilio huu: zima UART na taima zako, ita HAL_RCC_DeInit, halafu ndipo usimamishe SysTick (taima ya mapigo ya mfumo) na kufuta alama yake inayosubiri. Ukianza na SysTick utakuwa umepoteza kazi, kwa maana HAL_RCC_DeInit inaiwasha tena. Fuata na NVIC (kidhibiti cha intarapti), rejista za ICER na ICPR zote mbili. Ukizima intarapti zote kwa __disable_irq, zirudishe kabla ya kuruka. FreeRTOS inajifungulia yenyewe kwa ile cpsie i, ila HAL_Delay yoyote iliyo kabla ya skejula itasubiri milele.

Mlinzi

Washa IWDG, taima inayoireseti chipu isipolishwa kwa wakati, ndani ya butiloda, mstari mmoja kabla ya ruka. Ukishaiwasha, hakuna programu inayoweza kuizima. Ni kuilisha au kuresetiwa. Muda wake wa juu kwenye chipu hii ni kama sekunde 26. Ndani ya FreeRTOS, usiilishe kwenye kazi ya kipaumbele cha chini peke yake na kuridhika: kazi yangu ya kuilisha inakagua kwanza kwamba kazi nyingine tatu zimeweka alama zao tangu mzunguko uliopita.

Kwenye BKP_DR2 butiloda inahesabu mara ilizoruka. Programu ikikaa dakika moja salama, inairudisha sifuri. Hesabu ikifika tatu, butiloda haiipi tena nafasi. Inakaa kwenye waya inasubiri.

Jaribu kabla ya kwenda shamba

Tuma programu nzuri kwa njia ya waya, si kwa ST-Link. Chomoa umeme katikati ya kutuma, mara kadhaa, sehemu tofauti. Tuma programu yenye baiti moja iliyoharibika. Tuma programu yenye while(1) mwanzoni mwa main, uhesabu reseti tatu kwa taa. Halafu rudia ile ya kwanza na uikalie nusu saa.

Programu yangu ya sasa ni KB 31, na kwa kasi ya 115200 inapita kwa kama sekunde tatu, ukiacha muda wa kufuta kurasa, ambao ni milisekunde 20 hadi 40 kwa kila ukurasa. Siku hizi nikifika Hombolo nasalimia "Mbukwa", nakaa kibandani kivulini, nachomeka waya, natuma. Kisha sifungi laptopu. Nasubiri hadi nisikie pampu inavuta na maji yanagonga tangi, ndipo namwambia mzee kwamba naondoka.