SOMO: Impreza haichaji? Pima kabla hujanunua alteneta

Wakuu, inaniuma sana kuona mtu mwenye Subaru Impreza WRX ya injini ya EJ20 anatoa hela nyingi kwa alteneta (mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri) ya mtumba, halafu baada ya siku chache gari inagoma tena. Mara nyingi ile ya zamani ilikuwa nzima. Tafuta mita ya umeme ya kawaida, twende taratibu.

Hatua ya 1. Gari ikiwa imelala usiku kucha, gusisha mita kwenye nguzo zenyewe za betri, siyo kwenye terminali (vibanio vya waya). Betri iliyojaa inasoma kama 12.6V. Ikiwa chini ya 12.2V ichaji kwanza, la sivyo vipimo vinavyofuata vitakudanganya.

Hatua ya 2. Fungua swichi bila kupiga stata. Taa nyekundu ya betri iwake. Isipowaka, kagua fyuzi, globu na soketi ya nyuma ya alteneta, kwa sababu alteneta inaamshwa na umeme unaopita kwenye taa hiyo.

Hatua ya 3. Mkanda. Kwenye EJ20 mkanda huo huo unazungusha pampu ya pawa stelingi, kwa hiyo ukilia na usukani ukawa mzito, umeshapata jibu: tatizo ni mkanda.

Hatua ya 4. Washa injini, pima betri: 13.8 hadi 14.5V. Washa taa kubwa na feni, panda mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika. Ikizidi 15V, regyuleta (kidhibiti volti cha alteneta) imekufa. Ikishuka kwenye 12V na kitu, usiihukumu alteneta bado. Injini ikiwa inaunguruma na taa zikiwa zinawaka, weka ncha moja ya mita kwenye boliti ya waya mnene nyuma ya alteneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Ukisoma zaidi ya 0.5V, umeme unapotelea njiani. Kisha pima kutoka bodi ya alteneta hadi hasi ya betri. Hapo isizidi 0.2V. Magari ya Tanga na Mombasa yanaumwa sana hapa: fungua waya wa erthi kwenye injini utakuta unga wa kijani chini ya boliti. Piga msasa, kaza, pima upya. Njia zote mbili zikiwa safi na volti bado ndogo, sasa shusha alteneta.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi wangu huchomoa terminali gari ikiwa inaunguruma, isipozima anasema alteneta nzima. Ni sahihi?*
Hapana mkuu, mkataze leo. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiitoa zinaruka ghafla na zinaweza kuunguza kontroli boksi (kompyuta ya injini).

*Yangu inachaji 14.2V lakini nikiipaki siku mbili betri imekwisha.*
Hiyo inanyonywa. Zima kila kitu, funga milango, chomoa waya wa hasi ya betri, pitisha mita ya ampea (tundu la 10A) kati ya hasi hiyo na waya wake, subiri nusu saa. Ikizidi 0.05A, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Kwenye WRX mimi huanza na turbo taima (kifaa kinachoacha injini iunguruме kidogo baada ya kuzima swichi), alamu na redio, kwa kuwa hufungwa mtaani. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza.

*Kaboni (brashi za ndani ya alteneta) zikiisha ni lazima kununua alteneta nzima?*
Si lazima. Kaboni zinauzwa peke yake. Angalia tu pete za shaba zinaposugulia. Zikiwa zimechimbika, kaboni mpya hazitadumu.