Makorongo ya Alice Springs, pangeni kwa jua

Kama mko Alice Springs, Australia, na mna siku moja tu ya makorongo ya milima ya West MacDonnell, msipange kwa kilomita, pangeni kwa jua. Simpsons Gap alfajiri, vikangaruu vinavyoishi kwenye miamba bado viko nje vinarukaruka, halafu Standley Chasm mfike kabla ya saa sita mchana maana jua likiwa utosini ndo zile kuta zinawaka rangi ya chungwa, muda kidogo tu kivuli kinarudi (kuna kiingilio, ardhi ni ya Waaborijini wenyewe, yaani wenyeji wa asili wa Australia). Kuogelea malizieni Ellery Creek, ila maji ni barafu hata siku ya joto, mi niliingia kwa mbwembwe nikatoka meno yanagongana. Mafuta na maji ya kunywa jazeni mjini, na rudini mapema, usiku ng'ombe wanakatiza barabara hovyo.