Kuvuta trela ya kulala kwa pikapu kuukuu: pima kabla hujafunga

Ingia yadi ya trela Ohio, Texas au Ontario ukiwa na pikapu ya mwaka 2003. Muuzaji atakuuliza injini ni ya lita ngapi, atatikisa kichwa kuridhika, kisha atasema, "Itavuta tu." Hajakudanganya. V8 kuukuu iliyo nzima itaing'oa karibu trela yoyote utakayoifunga nyuma. Asichouliza ni mgongo wa pikapu utabeba kiasi gani, giaboksi itapoaje mlimani, na mwendo huo wote utausimamisha kwa breki zipi. Hapo ndipo pikapu za zamani zinapoaibisha wenyewe.

Namba ya kuvuta iliyoandikwa kwenye vitabu vya magari ya zamani usiiamini sana. Kipimo cha pamoja cha uwezo wa kuvuta, kiitwacho SAE J2807, kilianza kutumiwa na Toyota kwenye magari ya mwaka 2011, na kampuni kubwa za Marekani zikafuata kikamilifu kufikia 2015. Kabla ya hapo kila kampuni ilijipimia kwa njia yake, tena gari likiwa jipya na limebeba mzigo mdogo sana. Lako limeshakula miaka ishirini.

Hesabu ya mizani

Fungua mlango wa dereva, utazame stika iliyobandikwa kwenye nguzo au ukingo wa mlango. Tafuta herufi GVWR. Huo ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa pikapu pamoja na watu, mafuta, mizigo na ule uzito wa trela unaoilalia nyuma. Pikapu za kuanzia 2006 hivi zina stika ya pili inayotaja moja kwa moja uzito wa watu na mizigo. Za nyuma ya hapo hazina, kwa hiyo itabidi upime.

Mizani za CAT zipo kwenye vituo vikubwa vya malori kote Marekani na Kanada. Dereva wa lori akikaribia Mariakani au Kibaha moyo humdunda. Hapa unaingia kwa hiari, unalipa chini ya dola 20, na hakuna askari anayeingoja karatasi yako. Ingia tangi likiwa limejaa na wewe ukiwa ndani. Toa uzito huo kwenye GVWR. Kinachobaki ndicho ulichonacho.

Tuseme GVWR ni pauni 6,400 na mizani imesoma 5,300. Umebaki na pauni 1,100, yaani kilo 500 hivi. Mama na watoto wawili ni 330. Kisanduku cha barafu, zana na mkaa ni 150. Kiungio cha kugawa uzito, yaani chuma cha kuunganishia trela nitakachokieleza chini, chenyewe ni 90. Sasa zimebaki 530, na hizo ndizo pauni ambazo shingo ya trela, kile chuma chake cha mbele, inaruhusiwa kuilalia pikapu. Shingo inatakiwa ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela iliyojaa. Ukichukua 13, trela yako isizidi pauni 4,000 hivi, sawa na kilo 1,800 hivi. Gari hilohilo kitabu chake huenda kinakuahidi 7,500.

Pauni 4,000 hizo ni za trela iliyopakiwa, si ile namba ya "trela kavu" iliyo kwenye tangazo. Uzito mkavu kwa kawaida hauhesabu betri, maji, vyombo, wala matandiko. Tangi la maji la galoni 40 likijaa ni pauni 334 peke yake. Ongeza 800 hadi 1,000 juu ya uzito mkavu ndipo uanze kuzungumza bei. Ukitaka usalama zaidi, fanya hesabu kwa GVWR ya trela yenyewe, iliyoandikwa ubavuni karibu na shingo.

Mnaosoma mkiwa Uingereza au Ujerumani, msibebe asilimia hizi kama zilivyo. Karavani za Ulaya hutengenezwa ziwe na shingo nyepesi zaidi, na kikomo cha shingo huandikwa kwenye kiungio cha gari.

Difu na giaboksi

Pikapu mbili zenye injini moja zaweza kutofautiana sana kwa sababu ya difu, ile gia ya ekseli. Namba yake ni mara ngapi shafti huzunguka ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwenye Chevrolet na GMC za miaka hiyo, fungua kisanduku cha deshibodi upande wa abiria. Kuna stika yenye misimbo ya herufi na tarakimu. GU6 ni difu ya 3.42, GT4 ni 3.73, GT5 ni 4.10. Kwenye Ford, msimbo wa ekseli uko kwenye stika ya mlango. Namba ikiwa kubwa, pikapu inavuta kwa wepesi na giaboksi haihangaiki. Yenye 3.08 iache ivute mashua ndogo.

Adui wa giaboksi otomatiki ni joto. Chomoa kijiti cha kupimia: oili nyekundu au ya waridi ni nzuri, ya kahawia inayonuka kuungua ni onyo. Badilisha oili na chujio kabla ya safari ya kwanza, kisha ongeza rejeta ndogo ya oili ya gia mbele ya rejeta kubwa. Bomba lipitishwe hivi: oili itoke kwenye giaboksi, ipite kwanza ndani ya rejeta ya gari, ndipo iingie kwenye rejeta ndogo, ndipo irudi. Wapo mafundi wanaoiruka rejeta ya gari kabisa. Kwa mtu wa Minnesota au Alberta hilo ni kosa, kwa sababu wakati wa baridi rejeta ya gari ndiyo inayoisaidia oili kupata joto.

Magari madogo na pikapu nyepesi zilizouzwa Marekani tangu 1996 yana soketi ya uchunguzi chini ya usukani. Kifaa kidogo cha kuchomeka hapo na programu ya simu vitakusomea joto la oili ya gia kwenye pikapu nyingi. Chini ya nyuzi 200 za Fahrenheit (93 za Selsiasi) endelea na safari yako. Ikipita 220, punguza mwendo na uteremshe gia. Ikikaribia 240, tafuta mahali salama usimame, weka neutro, kaza breki ya mkono na uiache injini inguruma taratibu. Ukizima palepale, oili inaacha kuzunguka na kuiva ilipo.

Kwenye gia za kasi nne, bonyeza kitufe cha kuzima ovadraivu (gia ya juu kabisa) ukiwa unavuta. Usiache gia ikipanda na kushuka kila kilomita. Huko kuhangaika ndiko kunakoichemsha. Kagua pia klachi ya feni: injini ikiwa imezimwa na ni ya moto, feni ikizunguka huru kama pia ukiisukuma kwa kidole, klachi imekwisha na utaijua siku ya kupanda mlima.

Kutu, breki na waya

Pikapu iliyoishi kwenye majimbo yanayomwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji ichunguze kwa nyundo, si kwa macho. Lala chini, gonga fremu kuanzia kwenye springi za nyuma hadi zilipofungwa boliti za kiungio. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa na kumwaga magamba. Fuata bomba za breki za chuma zote zinazopita kando ya fremu. Zilizovimba kutu badilisha zote, usibandike kipande. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yenye unyevu huchemka kwenye mteremko mrefu, kanyagio likazama hadi sakafuni. Ya zaidi ya miaka mitatu yamwage.

Majimbo mengi hudai trela ya zaidi ya pauni 3,000 iwe na breki zake. California hudai kuanzia 1,500. Breki hizo za umeme hazifanyi kazi bila kidhibiti kinachofungwa karibu na usukani. Nunua kile kinachobana kadiri gari linavyopunguza mwendo, usinunue cha kuhesabu sekunde. Kukipima: barabara tupu, kavu, kasi ya kilomita 40 kwa saa, bana kwa mkono ile swichi ya breki za trela pekee iliyo kwenye kidhibiti. Ongeza nguvu hadi magurudumu ya trela yakaribie kukwama, kisha punguza kidogo.

Soketi ya nyuma lazima iwe ya pini saba. Waya wa bluu ni wa breki, mweusi ni wa chaji, mweupe ni wa ardhi. Taa zikicheza cheza, tisa kati ya kumi tatizo ni waya mweupe ulioshika kutu, kwa hiyo usianze kununua balbu.

Kufunga

Usivute karavani kwa gololi (ule mpira wa chuma ambao kikombe cha shingo ya trela huufunika) iliyofungwa kwenye bampa. Kiungio cha inchi 2 kilichofungwa kwenye fremu kina stika yenye namba mbili: ndogo ni ya kuvuta kawaida, kubwa ni ya kuvuta kwa kiungio cha kugawa uzito. Gololi ilingane na kikombe cha trela. Gololi ya inchi 2 ndani ya kikombe cha inchi 2 na 5/16 itaonekana imeshika, mpaka tuta la kwanza.

Kiungio cha kugawa uzito kina vyuma viwili vinavyorudisha sehemu ya mzigo kwenye magurudumu ya mbele. Bila hivyo, pua ya pikapu inainuka, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapoteza mshiko. Pima kwa futi kutoka ardhini hadi kwenye upinde wa tairi la mbele kabla ya kufunga: tuseme inchi 36. Funga bila vyuma: 37 na nusu. Sasa kaza vyuma hadi irudi 36 na robo tatu au chini kidogo. Isishuke chini ya 36.

Ukishafunga kikombe na kuweka pini, tumia jeki ya trela kuinua shingo pamoja na mkia wa pikapu inchi mbili. Kikombe kikikataa kuachia, kimeshika kweli. Pitisha minyororo kwa kupishana chini ya shingo. Ile kamba ya dharura inayowasha breki trela ikichomoka ifunge kwenye pikapu, kamwe si kwenye minyororo.

Tairi na beringi

Tairi za trela hufa kwa umri kabla ya kuisha. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Zikipita miaka sita, zitupe hata kama zinang'aa. Jaza upepo zikiwa baridi hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Tairi za herufi ST, yaani za trela, ambazo hazikutaja kasi nyingine zina kikomo cha maili 65 kwa saa, na California imeweka 55 kwa yeyote anayevuta.

Beringi zitolewe, zioshwe na kupakwa grisi mpya kila miezi 12 au maili 12,000, pamoja na sili mpya. Ukifungua rimu, rudia kukaza nati kwa spana yenye kipimo baada ya maili 10, 25 na 50. Baada ya nusu saa ya kwanza ya safari simama, usogeze mkono karibu na kila kitovu cha gurudumu. Uvuguvugu ni sawa. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, kuna beringi inayokufa au breki inayoburuta.

Barabarani

Vitu vizito viwe chini, na sehemu kubwa yake mbele ya ekseli. Trela inayotikisa mkia karibu kila mara ina shingo nyepesi, na kosa la kawaida ni kujaza tangi la maji lililo nyuma ya ekseli. Ikianza kuyumba, usikanyage breki ya gari wala usipambane na usukani. Ushike ukiwa umenyooka, toa mguu kwenye mafuta, bana swichi ya breki ya trela kwa mkono. Kisha simama upange mzigo upya.

Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Ukitoka Denver kwenda magharibi kwa I-70, handaki la Eisenhower liko futi 11,000 na zaidi. Theluthi moja ya farasi zako wamebaki bondeni. Kaa njia ya kulia na malori, ukitembea maili 35 kwa saa. Mteremko wa kwenda Silverthorne ndio wa kuogopa zaidi. Teremsha gia kabla ya kuanza kushuka, breki ikanyage kwa nguvu sekunde chache kisha iachie kabisa, wala usiiburuze mfululizo. Ukisikia harufu ya breki, ingia mahali pa kuegesha pa kwanza utakapopaona na uziache zipoe nusu saa, bila kuzimwagia maji.